Watalii wa Msabaha

Bi Saumu alifika London mwanawe akiwa ameshazikwa zamani. Viza ilikwama Nairobi, ikakwamuka, ikakwama tena, na siku aliyoteremka kwenye ndege nyasi zilikuwa zimeshaota juu ya kaburi la Msabaha. Waliomzika ni watu wa msikiti, pamoja na kijana mmoja wa Lamu aitwaye Mansour, ambaye Msabaha alikuwa akipanga naye nyumba kule Thornton Heath, kusini mwa London. Mansour ndiye aliyempokea. Akambebea begi, akamfungulia chumba cha marehemu, akamtandikia kitanda, kisha akasimama mlangoni kama mtu anayengoja kuhukumiwa.

Kesho yake akampeleka makaburini. Bi Saumu akasoma Fatiha, akasoma Yasini yote bila kufungua msahafu, akang'oa gugu moja lililoota upande wa kichwani, wakarudi. Walipokuwa kwenye basi ndipo alipouliza neno ambalo alikuwa nalo tangu binti yake Riziki alipopokea simu ya msiba kule Malindi.

"Mansour, mwanangu, wewe ulikuwapo alipokata roho?"

"Sikuwapo, Mama. Nilikuwa kazini." Kazi ya Mansour ilikuwa kuwauguza wakongwe katika nyumba ya wazee. "Nilipigiwa simu jioni. Nilipofika hospitali nikamkuta ameshafunikwa."

"Basi nani alikuwapo? Nani alimtamkisha shahada?"

Mansour akageuza uso, akatazama maduka ya barabarani, wanawake wakichagua ndizi na mihogo kwenye masanduku. "Sijui, Mama. Alikufa safarini, yuko na watalii wake. Wazungu, Wachina, watu mchanganyiko."

Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna. Kifo chenyewe alikuwa amekipokea, si yeye wa kwanza kuzika mtoto. Lakini kumfikiria Msabaha yuko chini, ugenini, amezungukwa na watu wenye kamera, pasiwe na hata mmoja wa kumwinamia sikioni, hapo moyo ulikuwa ukikataa. Imamu alimwambia kwamba siku ya kumwosha uso wa marehemu ulikuwa umetulia. Bi Saumu alimshukuru. Lakini si utulivu wa uso aliokuwa akiuulizia.

"Kuna mtu mmoja," Mansour akasema, basi likiwa karibu na kituo chao. "Dereva. Walifanya kazi pamoja miaka mingi. Ni Singasinga, anaitwa Avtar. Siku ya maziko alikuja akasimama nyuma kabisa, na tangu hapo hunipigia kuuliza kama umefika."

Bi Saumu akamkazia macho. "Na hukuniambia?"

"Nilidhani utataka kupumzika kwanza, Mama."

"Mpigie."

Sauti iliyotoka kwenye simu ilimshtua. Ilikuwa ya mzee, nzito, na ilikuwa ikisema Kiswahili.

"Mama Msabaha? Pole, Mama. Pole sana. Mimi ni Avtar. Kiswahili yangu ni ya Kisumu, ya zamani sana, usinicheke."

"Sikucheki, Bwana Avtar. Nina neno nataka kukuuliza."

"Najua. Lakini hiyo neno si ya simu. Jumamosi njoo upande gari yangu. Nitakupeleka ile njia yake yote, uone kazi yake. Halafu nitakuonyesha pale, na nitakwambia."

Kazi ya Msabaha. Kwao Malindi kazi hiyo ilikuwa na historia. Alipokuwa mwanafunzi, Msabaha alikuwa akitoroka shule kuwafuata Wataliano waliokwenda kutazama magofu ya Gede, anatembea mbele yao akiwaeleza mambo, mengine ya kweli na mengine ya kubuni, mpaka habari zikamfikia baba yake. Marehemu Mzee Kombo alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache na mkono mzito. "Sikukusomesha uje uwe mkia wa Wazungu," alimwambia. Aliuza kiwanja, akamleta London kusomea uhasibu. Mwaka wa pili Msabaha akaacha masomo. Akamwambia mama yake peke yake: sasa ninawatembeza wageni, Mama, ni kazi nzuri, Baba usimwambie. Naye hakumwambia. Mzee Kombo alikufa akiwahadithia waliokuja kumjulia hali kwamba ana mwana mhasibu London.

Na mwana huyo hakuja kumzika baba yake. Bi Saumu aliketi ukumbini na wanawake wa mtaa, matanga yamejaa watu, kila aingiaye anauliza Msabaha yuko wapi, naye anajibu yuko njiani. Alijibu hivyo hadi hitima ikasomwa na watu wakatawanyika. Msabaha alipopiga simu alilia tu, hakusema sababu. Mwaka mmoja na kitu baadaye, zamu ikawa yake.

*

Jumamosi asubuhi Mansour alimsindikiza hadi kituo cha mabasi cha Victoria, akamvalisha koti lake mwenyewe juu ya buibui, kisha akakimbilia kazini. Basi lilikuwa refu, jeupe, vioo vyake vyeusi. Mlangoni alisimama mzee mrefu mwenye ndevu nyeupe na kilemba cha buluu. Alipomwona hakunyosha mkono. Aliuweka kifuani, akainamisha kichwa.

"Mama Msabaha."

"Bwana Avtar."

Avtar akampandisha ngazi taratibu, akamkalisha kiti cha kwanza upande wa mlango, akamfunga mkanda kama anavyofungwa mtoto. Watalii wakaingia mmoja mmoja na mikoba yao: mume na mke wenye nywele nyekundu, wasichana wanne waliokuwa wakicheka tangu nje, bwana mmoja mnene aliyeanza kupiga picha kabla hajakaa. Hakuna aliyejua mwanamke huyu wa buibui ni nani.

Mwongoza watalii alikuwa msichana wa Kihindi, Ushma, mwembamba, mikono haitulii. Alipomwona Bi Saumu aliduwaa, kisha akageuka haraka akashika kipaza sauti. Akasema maneno mengi ya Kiingereza, watu wakacheka. Halafu akavuta pumzi, na kwa sauti kubwa akasema:

"Twende?"

Basi zima likamjibu: "Twende!"

Bi Saumu alishika mkono wa kiti. Alidhani masikio yamemcheza. Katika kioo cha mbele macho ya Avtar yalikuwa yakimtazama.

"Ni yeye aliwafundisha," Avtar akasema, akiondoa gari. "Kila asubuhi. Alisema hawa watu watasahau wafalme wote, lakini hiyo moja watarudi nayo kwao. Huyu msichana amekataa kuiacha."

Bi Saumu akaelekeza uso dirishani. London ilikuwa ikipita, majumba na madaraja, na yeye haoni kitu.

*

Walipotoka mjini ardhi ilifunguka, kijani kibichi kote, kondoo na wana-kondoo wametapakaa vilimani. Ushma alikuwa akieleza, watu wakigeuza shingo kushoto kisha kulia kwa pamoja. Bi Saumu hakuelewa Kiingereza zaidi ya salamu, lakini baada ya muda alianza kusikia kitu. Msichana alikuwa akisimama mahali fulani katikati ya maneno, anawaacha watu wangoje, kisha anaangusha neno la mwisho kwa sauti ya chini na wote wanaangua kicheko. Hivyo ndivyo Msabaha alivyokuwa akisimulia. Tangu mtoto. Alikuwa akiwaning'iniza dada zake hivyo hivyo, mpaka Riziki anampiga kwa mto akitaka mwisho wa hadithi.

Mahali pa kwanza palikuwa uwanda mtupu wenye upepo, na mawe makubwa ya kijivu yaliyosimamishwa na watu wa kale. Watalii wakashuka wakifunga makoti. Bi Saumu akabaki na Avtar, ambaye alimimina chai kutoka kwenye chupa, chai ya maziwa yenye tangawizi ya kutosha.

"Hiyo mawe," Avtar akasema, "Msabaha alikuwa anaambia watu: hakuna mtu anajua kwa nini yaliwekwa pale, na akija mtu kukwambia anajua, mwongo huyo."

"Gede alikuwa akisema vivyo hivyo," Bi Saumu akasema. "Kwamba hakuna ajuaye wenyewe walihamia wapi." Akanywa chai. Ilimpa nguvu, akaona aliseme. "Bwana Avtar, baba yake alipokufa, wewe ulikuwa naye?"

"Nilikuwa."

"Kwa nini hakuja?"

Avtar akakiweka kikombe juu ya usukani, akakishikilia kisianguke.

"Mimi nilimwambia nenda. Karatasi zake zilikuwa sawa, hakuna mtu angemzuia kurudi. Kampuni ikampa ruhusa. Jioni nilimpeleka uwanja wa ndege mimi mwenyewe, na gari yangu ya nyumbani. Tukaagana pale. Mama, kesho yake asubuhi nafika Victoria, namkuta amesimama kwenye mlango ya basi, amevaa tai, na begi yake ya safari iko miguuni. Nikamuuliza, wewe si ulisafiri? Akasema, sikuweza. Basi. Akapanda, akashika kipaza sauti. Tukaenda."

"Hakusema kwa nini?"

"Hakusema."

"Nawe hukumuuliza?"

"Siku hiyo moja tu. Baadaye sikuuliza tena."

"Ungemuuliza."

"Ningemuuliza, Mama," Avtar akasema. "Hata mimi najiambia hivyo."

Bi Saumu alikuwa amekuja na majibu yake tayari, ameyapanga tangu Malindi: labda serikali ilimzuia, labda alikuwa mgonjwa, labda aliyempa kazi alikuwa dhalimu. Angesamehe lolote katika hayo, na angemwambia Riziki, na Riziki angewaambia watu. Sasa hakukuwa na hata moja. Alikuwapo Msabaha tu, ameketi uwanja wa ndege na begi lake, ndege inaita, na yeye hanyanyuki. Alikuwa akiogopa nini? Kaburi la baba yake? Wale watu ambao wangemwita mhasibu, na yeye aitike? Alimwona akiwa mdogo, amejificha nyuma ya pipa la maji, kanzu imetokeza, anangoja hasira za baba zipite.

"Nilimkasirikia," akasema. "Ninamkasirikia mpaka leo, amelala ndani ya ardhi."

Avtar akaitikia kwa kichwa. Watalii walikuwa wakirudi, nywele zimevurugwa na upepo.

*

Mchana walikuwa Bath, mji wa majumba ya mawe ya rangi ya mchanga, ambako Warumi walijenga hamamu zao na maji ya moto bado yanatoka ardhini. Ushma aliwaachia watu watembee, akaja kwenye basi amebeba sahani ya karatasi yenye keki. Akaketi kiti cha pili, magoti pamoja.

"Pole, Mama," akasema. "Pole sana."

Kilikuwa Kiswahili cha jikoni kwa bibi, na hakikufika mbali. Bibi yake alizaliwa Nakuru, sasa alikuwa Stanmore, London, na wajukuu ambao huelewa anachosema lakini humjibu kwa Kiingereza. Yaliyobaki Ushma akayasema kwa Kiingereza, machozi yakimtiririka, na Avtar akayatafsiri.

"Anasema Msabaha ndiye alimfundisha kazi. Siku yake ya kwanza alisahau kila kitu, akataka kulia mbele ya watu. Msabaha akaketi nyuma kabisa, akawa anamfanyia vituko mpaka akacheka, maneno yakarudi. Anasema leo alipokuona hakuwa anajua aongee vipi. Maneno yote ni ya Msabaha. Hajabadilisha hata moja. Anauliza kama amekukosea."

Bi Saumu alimtazama binti huyu mgeni, kucha amezing'ata hadi nyama. Alitaka kumwambia asante, na alitaka kumwambia anyamaze, asiitumie tena sauti ile mbele yake. Yote mawili yalikuwa kweli. Akatoa mkono kwenye buibui, akamfuta machozi kwa kidole gumba.

"Mwambie hajanikosea," akasema. "Lakini mwambie atafute maneno yake mwenyewe. Polepole. Haya yana mwenyewe."

Avtar akatafsiri. Ushma akaitikia, akasimama, akasahau keki yake pale pale.

*

Kijiji kilikuwa kidogo, nyumba zake zimeinama kando ya mto ambao Malindi wangeuita mfereji. Bata walikuwa wakiogelea. Watalii wakaelekea dukani kununua aiskrimu ingawa kulikuwa na baridi. Avtar akazima mtambo, akamshusha Bi Saumu, wakatembea hatua chache hadi kwenye benchi la mbao lililotazama maji.

"Hapa," akasema.

Bi Saumu hakukaa. Alilizunguka benchi lile, akaligusa mgongo. Mbao zilikuwa na unyevu. Kisha akaketi, akajisogeza upande mmoja, akamwonyesha Avtar upande wa pili.

"Niambie."

Avtar akavua glavu. "Ilikuwa Novemba, mvua ndogo ndogo. Aliniambia, Baba, leo nimechoka, nitakaa kidogo. Baba, ndivyo aliniita. Mimi nikaenda kufuta vioo vya gari. Niligeuka nikamwona amekaa, kichwa imeinama. Nilifikiri amelala. Halafu msichana mmoja mtalii akamwita kumuuliza kitu, hakujibu. Akaanza kuteleza. Nikakimbia. Nikamshika hivi, kwa nyuma, nikakaa chini naye."

"Alikuwa anapumua?"

"Kidogo. Mbaya, lakini anapumua. Mtu akaita ambulensi. Wengine wakasimama mbali, maskini, hawajui la kufanya. Mama, mimi nimekulia Kisumu, nyumba yetu ilikuwa nyuma ya msikiti. Hayo maneno nayajua. Nilitaka kusema. Nikafikiri, mimi si Mwislamu, kama si halali nikisema mimi je? Kama nitamharibia? Mdomo yangu ikafunga." Akasugua uso kwa viganja. "Basi akatoka mwanamke mmoja katikati ya watu. Alikuwa abiria wetu wa siku hiyo, mama wa makamo, amefunga mtandio wa kijani. Nafikiri ni wa Malesia, au Indonesia, sijui vizuri. Alikuwa na mwenzake mmoja tu, siku nzima hawakusema na mtu. Aliona jina ya Msabaha kwenye kibandiko kifuani, Msabaha Ali Kombo. Akapiga magoti kwenye tope. Akaweka mdomo kwenye sikio yake. Akasema."

Bi Saumu alikuwa amemshika mzee yule mkono wa koti bila kujijua. "Alisema nini?"

"Yale maneno. Yale ya mwisho. Akarudia, akarudia, hakuacha mpaka ambulensi ikafika."

"Na Msabaha? Midomo yake ilitikisika?"

Avtar angeweza kusema ndiyo. Bi Saumu aliona usoni mwake jinsi alivyotamani kusema ndiyo. Ingemgharimu nini?

"Sikuona, Mama," akasema. "Nilikuwa nimemshika mgongo. Uso wake ulikuwa upande wa huyo mama. Sikuona."

"Huyo mwanamke anaitwa nani?"

"Sijui. Nilikwenda na ambulensi, dereva mwingine akaja kurudisha watu London. Baadaye nikauliza ofisini, wakasema hawawezi kutoa habari za abiria. Alishuka Victoria, akaenda."

Bi Saumu akaliachia koti. Alitazama tope miguuni pake, akatazama mahali ambapo mwanamke asiyemjua, aliyetoka upande mwingine wa dunia kuja kutazama nyumba za Waingereza, aliharibu nguo zake kwa ajili ya mtoto wa mtu. Alinyanyua mikono akamwombea. Hakuwa na jina la kumtajia Mungu, akasema tu, yule wa mtandio wa kijani, Wewe wamjua. Akaomba maji yasimkaukie nyumbani kwake, na wanawe wasife mbali naye. Alipofika hapo sauti ilikatika, akalia. Alilia kwa kelele kama wanavyolia kwao, bata wakaruka, na watalii kule dukani wakageuka na aiskrimu zao mikononi. Avtar hakumwambia anyamaze. Alisimama mbele ya benchi, mgongo wake mpana ukiwa umewaelekea, akamkinga wasimwone.

*

Njia ya kurudi Ushma hakusema mengi, na watu wengi walilala. London ilianza kwa taa nyekundu za magari yaliyobanana. Victoria watalii wakashuka, wakishukuru, kila mmoja akiwahi treni yake. Mke yule wa nywele nyekundu alisimama mbele ya Bi Saumu, akafungua mkoba, akampa pakiti ya peremende, akashuka. Ushma akamkumbatia, akaondoka akijifuta pua.

Bi Saumu hakusimama.

"Mama, hapa siruhusiwi kusimama," Avtar akasema. "Lazima nipeleke gari kulala, Tottenham. Ni mbali na kwenu."

"Nipeleke nayo. Mansour atanifuata huko."

Wakaivuka London wawili peke yao ndani ya basi tupu. Yadi ilikuwa nyuma ya magorofa ya halmashauri, jirani na ukumbi ambamo waumini wa kanisa walikuwa wakifanya mazoezi ya kwaya, ngoma na kinanda vikisikika hadi nje. Avtar akaegesha, akachukua mfuko wa taka na ufagio mfupi.

"Hii naye alikuwa akiifanya?" Bi Saumu akauliza.

"Haikuwa kazi yake. Wengine wote hushuka Victoria waende zao. Lakini yeye alikuja na mimi mpaka huku, kila jioni. Nilimwambia nenda nyumbani, kijana. Akasema nyumbani hakuna mtu."

Bi Saumu akavua koti la Mansour, akalitundika kwenye kiti, akajifunga leso kiunoni juu ya buibui, akauchukua ule ufagio mkononi mwa mzee.

"Mama, wacha, wewe ni mgeni."

"Niache, Bwana Avtar."

Alianza kiti cha nyuma kabisa. Aliokota chupa, vikaratasi vya chokoleti, kifungo cha shati, glavu moja ya mtoto. Alifuta makombo vitini kwa kiganja na kuyakusanya. Kila kiti alichofika alikifuta kana kwamba mtu atakuja kukikagua. Avtar akamwacha, yeye akawa anafunga mapazia na kupanga mikanda. Alimwambia, akiwa amempa mgongo, kwamba Agosti anastaafu. Alitaka kuacha Novemba ile ile, akashindwa kukaa nyumbani.

Mansour aliwasili akitweta, bado amevaa sare ya kazini, akasimama ngazini asijue aingie au angoje.

"Shika upande ule," Bi Saumu akamwambia, na Mansour akakunja mikono ya shati.

Walipomaliza, Avtar akawafungulia lango. Safari hii alinyosha mkono, na Bi Saumu, ambaye tangu usichana hakumpa mkono mwanamume wa kando, akaushika kwa mikono yake miwili. Yeye na Mansour wakaenda hadi kituo cha treni. Karibu na mlango Mansour akasema, "Mama, Avtar ameniambia alikuwa akija huku kila jioni, kwa kuwa nyumbani hakuna mtu. Nilikuwa na shifti za jioni. Miaka yote. Ningejua..."

"Sikulaumu, mwanangu. Umempa maziko mazuri."

Simu ya Mansour ikalia. Alikuwa Riziki, Malindi, anataka kujua safari ilikuwaje, kama amemwona huyo dereva, na amesema nini. Bi Saumu akaipokea. Akamwambia kwamba Msabaha alisomewa, kwamba kuna mwanamke alimsomea. Riziki akaanza kulia kwa shukrani, kisha katikati ya kilio akauliza, na lile la Baba je, amekwambia kwa nini hakuja?

Walikuwa wameshaanza kushuka ngazi kuelekea chini ya ardhi, na mtandao ulikuwa ukikatika. Bi Saumu akasikia akiitwa mara mbili, Mama, Mama, kisha kimya. Akamrudishia Mansour simu, akashika chuma cha pembeni, akaendelea kushuka.